Lori Kuukuu Linapokosa Nguvu Mwendo wa Chini

Malalamiko hayabadiliki sana, iwe ni gereji ya Makambako, ya Singida au ya Nakuru. Lori la miaka mingi, mara nyingi Fuso ya injini ya 6D14 au 6D16, Canter ya 4D32 au 4D33, au Scania 113 iliyokwisha kupita mikono kadhaa, linaondoka kwa shida. Dereva anakanyaga pedeli mpaka chini, injini inaitikia kivivu. Kati ya mizunguko 800 na 1,400 kwa dakika hakuna nguvu ya maana. Ikifika 1,800 au 2,000 inachangamka, lori linachanganya, na kwenye tambarare mtu asiyelijua atasema ni zima. Likifika mlima Sekenke au Kitonga, au likitakiwa kuchomoka na mzigo kwenye mchanga, udhaifu unarudi palepale.

Jibu la gereji nyingi nalo halibadiliki: "Pampu hiyo, mzee. Tuishushe." Pampu inashushwa, inapelekwa kwa mtaalamu wa mjini, inarudi na bili nzito. Lori linaendelea vilevile, au linapata nguvu kidogo na moshi mwingi. Ninaandika haya kwa sababu pesa inayopotea hapo mara nyingi ni ya mtu mwenye lori moja tu, na lori hilo ndilo ada za watoto na rejesho la mkopo. Pampu inaweza kuwa na kosa kweli. Lakini kuanza nayo ni kuanza na kifaa kigumu kuliko vyote kukifungua, kabla ya kuuliza maswali ambayo majibu yake hayagharimu kitu.

Swali la kwanza ni hili: kwa nini ugonjwa uonekane mwendo wa chini na upotee mwendo wa juu? Chukua 6D16, injini ya silinda sita na lita 7.5 hivi. Kwa hesabu ya ujazo wake, ikizunguka mara 1,000 kwa dakika humeza karibu lita 3,800 za hewa. Ikifika 2,800 humeza zaidi ya lita 10,000. Chujio la hewa lililojaa vumbi, bomba la ekzosi lililobonyea, ile vali ya breki ya ekzosi iliyogandia nusu, au filta ya dizeli iliyoziba, vyote hivi ni vizuizi. Kizuizi huuma pale mtiririko unapokuwa mkubwa. Lori lenye kizuizi huondoka vizuri na kukata nguvu linapoanza kukimbia, kinyume kabisa cha mgonjwa wetu. Mgonjwa wetu ana dalili za kuvuja. Kuna kitu kinachotakiwa kubanwa na hakibanwi kwa sababu kimepata muda wa kutoroka.

Muda ndio ufunguo. Injini ambayo Rudolf Diesel aliiombea hataza mwaka 1892 na kuionyesha ikifanya kazi huko Augsburg mwaka 1897 haina plagi ya kuwasha moto. Moto wake unatokana na hewa kubanwa, kwa injini hizi karibu mara 17, mpaka joto lake lipite nyuzi 500 za Selsiasi, ndipo dizeli inaponyunyizwa na kuwaka yenyewe. Katika mizunguko 1,000 kwa dakika, pistoni huchukua milisekunde 30 kupanda na kuibana hewa hiyo. Katika mizunguko 2,800 huchukua karibu milisekunde 11. Ringi zikiwa zimelika, au vali haikai sawasawa kwenye kiti chake, hewa ina karibu mara tatu ya muda wa kupenya kwenye ule mwendo wa kwanza, na joto nalo lina muda zaidi wa kupotelea kwenye kuta za silinda. Anayetumia pampu ya baiskeli iliyochoka analijua jambo hili mkononi: ukisukuma polepole hewa yote inarudi pembeni, ukisukuma kwa nguvu na haraka tairi linajaa. Injini iliyochakaa inajificha ndani ya mwendo wa kasi.

Pampu yenyewe inafuata kanuni hiyohiyo. Pampu za mstari, zile ambazo kampuni ya Bosch ilianza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1927 na ambazo Japani zilitengenezwa kwa leseni na kampuni ya Diesel Kiki, iliyoitwa baadaye Zexel, zina plunja moja kwa kila silinda. Plunja haina ringi wala sili. Kinachozuia dizeli isirudi nyuma ni usahihi wa chuma kwa chuma, nafasi ya milimita 0.002 hadi 0.003 tu. Ikipanuka kidogo, dizeli hupenya ubavuni, na hupenya zaidi pale plunja inapopanda polepole. Dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi na kupenya kunaongezeka. Ndiyo maana pampu iliyolika hutoa dalili mbili pamoja: lori linakosa nguvu mwendo wa chini, na linawaka vizuri asubuhi lakini linasumbua kuwaka mchana likiwa moto. Fundi akisikia dalili hizo mbili kwa pamoja ana haki ya kuishuku pampu. Akisikia moja tu, bado mapema.

Kwa hiyo nikisema ugonjwa wa mwendo wa chini ni ugonjwa wa kuvuja, sisemi kwamba jibu limepatikana. Nimepunguza tu eneo la kutafuta. Mambo mawili yatangulie: kumhoji dereva, na kuhakikisha kwamba injini ndiyo yenye kosa.

Dereva ndiye shahidi bora na ndiye asiyeulizwa. Katika gereji zetu mwenye mali huongea, dereva husimama pembeni na utingo wake. Aulizwe: "Kaka, lilianza ghafla au lilikuja taratibu?" Lililokuja taratibu kwa miezi ni kulika: ringi, vali, plunja, nozo. Lililoanza ghafla ni kitu kilichokatika, kilicholegea au kilichoguswa: kebo ya mafuta, hosi, kiwambo cha mpira, au mkono wa fundi aliyepita. Aulizwe pia ni kitu gani kilifanyiwa matengenezo mara ya mwisho, hata kama hakihusiani na injini. Mwenye mali atasema hakikuguswa kitu. Dereva atakumbuka kwamba tairi za nyuma zilibadilishwa zikawekwa kubwa zaidi, au kwamba difu ilipasuka njiani ikawekwa nyingine iliyotoka kwenye gari lililokatwa.

Hilo la difu ni zito kuliko linavyoonekana. Difu yenye uwiano mrefu hulipa lori mbio barabarani na kulinyang'anya nguvu ya kuondoka. Tairi kubwa hufanya vivyo hivyo. Hakuna pampu itakayorekebisha hesabu ya meno ya gia. Hesabu meno ya difu iliyowekwa, linganisha na kibao cha lori au na gari jingine la aina hiyo, na kama hayalingani kesi imekwisha bila spana kugusa injini.

Nje ya injini kuna mengine ya kutazama. Klachi inayoteleza hujulikana kwa mizunguko kupanda bila lori kuongeza mwendo, na harufu huifuata. Breki zinazokamata hazina kelele: piga jeki tairi moja moja, izungushe kwa mkono, au baada ya safari fupi gusa ngoma kwa tahadhari na uone ipi ina joto kuliko wenzake. Mzigo wenyewe usisahaulike. Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne inaruhusiwa tani 10, na wote tunajua ni malori mangapi ya mchanga na kokoto ambayo hayapiti kwenye mizani yoyote. Lori lililozidishiwa mzigo kwa miaka halina ugonjwa wa nguvu, lina ugonjwa wa mwenye mali. Ila uzito huo ndio hatimaye humaliza ringi, na hapo maradhi mawili huchanganyika.

Kuna jambo jingine ambalo si kosa la mtu. Lori lisilo na turbo likitoka Dar es Salaam na kufika Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, linavuta hewa yenye kanieneo pungufu kwa takriban moja ya tano. Kutoka Mombasa hadi Timboroa, karibu mita 2,700, upungufu ni mkubwa zaidi. Dizeli inayopimwa na pampu ni ileile, hewa ya kuichoma imepungua, ndiyo sababu ya moshi mweusi na uvivu. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, lakini inafidia ikishazunguka kwa kasi. Wakati wa kuondoka turbo bado imelala, kwa hiyo hata lori la turbo huondoka kivivu kwenye nyanda za juu. Pampu iliyopimwa Dar kwa kazi ya Dar itatoa moshi Makambako, na hilo halihitaji kufunguliwa kitu. Usilinganishe nguvu ya lori la leo mlimani na kumbukumbu ya lori hilohilo pwani.

Yakishathibitika hayo, injini iwashwe, ipate joto lake la kazi, na lori lipandishwe kilima likiwa na mzigo katika gia ambayo itailazimisha injini kufanya kazi kwenye mizunguko 1,200 hivi. Hapo mtu asimame pembeni na atazame moshi. Sijui kipimo kingine kisicho na gharama chenye kusema mengi kama hiki, na inasikitisha kuona kinavyopuuzwa au kusomwa harakaharaka.

Moshi mweusi maana yake dizeli ipo na haichomwi yote. Ama hewa haitoshi, ama dizeli inaingia kwa matone makubwa badala ya ukungu, na hapo nozo hushukiwa. Moshi mweupe unaoendelea baada ya injini kupata moto, wenye kuchoma macho na kunuka dizeli mbichi, ni dizeli ambayo haikuwaka kabisa. Chumba hakikufika joto lake, yaani mgandamizo umeshuka, au dizeli imeingia kwa kuchelewa, yaani taimingi. Moshi mweupe wenye harufu tamutamu na maji yanayopungua kwenye rejeta ni habari nyingine, ya gasketi ya hedi. Moshi wa bluu ni oili, inayopitia kwenye ringi, kwenye vali au kwenye turbo.

Lori lisilo na nguvu na lisilotoa moshi wowote ndilo linalotupa watu nje ya njia. Mwenye mali huona fahari kwamba gari lake ni safi. Lakini injini ya zamani iliyobanwa mlimani na pedeli imekanyagwa mpaka chini, isipotoa hata kivuli cha moshi, inasema jambo moja tu: dizeli haifiki ya kutosha. Hapo mara nyingi jibu ni la aibu kwa urahisi wake. Kebo ya mafuta imerefuka. Mkeka wa miguuni umejikunja chini ya pedeli. Mtu mmoja akanyage pedeli, mwingine atazame pampuni kama mkono wake unagusa skrubu ya mwisho. Usipogusa, umekwisha kupata mgonjwa, na dawa yake ni nati mbili. Nimeona kosa hili mara nyingi kiasi kwamba siwezi kukubali pampu ishushwe kabla halijatazamwa.

Baada ya kebo, fuata njia ya dizeli kutoka tangini. Nilisema kuziba huumiza mwendo wa juu, na ni kweli, lakini njia ya dizeli ina uvujaji wa aina yake: hewa kuingia. Kati ya tangi na pampu ndogo ya kuvuta, dizeli haisukumwi, inanyonywa. Hosi iliyopasuka kidogo hapo haitadondosha hata tone, itanyonya hewa. Dalili ni injini kuyumba sailensa, yaani inapozunguka bila pedeli kukanyagwa, kupanda na kushuka yenyewe, kumisi, na asubuhi kulazimika kupampu kwa mkono kabla ya kuwasha. Weka kipande cha hosi ya plastiki inayoonyesha ndani kabla ya pampu na uangalie mapovu. Angalia na zile vali ndogo za pampu ya kuvuta. Zikichoka, mwendo wa chini ndio unaokosa kwanza, kwa sababu mipigo ni michache na kila mpigo unarudisha sehemu ya ulichokivuta.

Hapa niseme kuhusu mafuta ya taa, kwa kuwa ni sehemu ya historia ya pampu nyingi katika nchi zetu. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yaliuzwa kwa bei ya chini sana kuliko dizeli, na kuchanganya kukawa biashara. Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili bei zikaribiane, na Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwezi Septemba 2018 kwa sababu hiyohiyo. Hatua zote mbili ziliwaumiza waliokuwa wakipikia na kuwashia taa mafuta hayo, na uchungu huo haustahili kusahauliwa. Kwa upande wa injini, mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi kama dizeli, na plunja ya pampu hailainishwi na kitu kingine ila dizeli inayopita ndani yake. Lori lililonyweshwa mchanganyiko kwa miaka lina plunja zilizolika, na plunja zilizolika, kama tulivyoona, huvuja zaidi mwendo wa chini. Malori mengi yanayolalamikiwa leo yanalipa deni la vituo vya miaka hiyo.

Kisha zije nozo. Kwa injini ya zamani yenye pampu ya mstari kuna jaribio la karne nzima: injini ikiwa sailensa, legeza nati ya bomba la nozo moja, sikiliza, kaza, nenda kwa inayofuata. Silinda nzima ikikatiwa dizeli injini inayumba na sauti inabadilika. Silinda ambayo ukiilegeza hakuna kinachobadilika ndiyo isiyofanya kazi. Jaribio hili lina masharti mawili. Vaa miwani na usiweke mkono mbele ya bomba, kwani dizeli yenye kanieneo kubwa hupenya ngozi na kidonda chake ni cha kupelekwa hospitali siku hiyohiyo hata kikionekana kama kitobo cha sindano. La pili: usilifanye kamwe kwenye injini mpya za komon reli, ambazo kanieneo yake ni ya kuua.

Silinda ikishajulikana, nozo yake itolewe ipimwe kwenye pampu ya mkono. Nozo za injini hizi nyingi hufunguka kati ya bar 150 na 250, kila aina na kiwango chake. Zaidi ya namba hiyo, tazama zinavyonyunyiza. Nozo nzuri hukata ghafla na mdomo wake hubaki mkavu. Nozo mbovu hudondosha. Inayodondosha inaweza kufanya kazi vizuri katika kasi, pale pampu inaposukuma kwa nguvu, na ikawa mbaya mwendo wa chini ambapo msukumo ni mdogo. Jaribio rahisi la kuthibitisha ni kuihamishia kwenye silinda nyingine. Ugonjwa ukihama nayo, umeikamata. Ukibaki kwenye silinda ileile, nozo haina kosa, na tunaingia ndani ya injini.

Ndani ya injini, vali zitangulie ringi. Nafasi ya vali kwenye injini hizi za Mitsubishi ni milimita 0.4, injini ikiwa baridi, za kuingiza na za kutoa sawasawa. Fundi akiwa na fila ya kupimia nafasi na saa mbili anaweza kuzipima zote, akifuata mpangilio wa kuwaka wa 1-5-3-6-2-4 kwa silinda sita. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba vali isiyopiga kelele ndiyo ya kuogopwa. Vali yenye nafasi kubwa hugonga na kila mtu husikia. Vali iliyobana haina sauti, lakini haifungi mpaka mwisho, hewa inapenya pembeni, na ukingo wake unaungua polepole. Kiti cha vali kinapolika vali hupanda, nafasi hupungua, kwa hiyo injini yenye vali kimya kwa miaka mingi inastahili kupimwa haraka kuliko inayogonga. Kazi hii ni nafuu kuliko nauli ya kupeleka pampu mjini.

Mgandamizo wenyewe upimwe kwa geji kupitia tundu la nozo, nozo zote zikiwa zimetolewa, injini ina moto, betri imejaa na stata inazungusha vizuri. Stata mvivu hutoa namba za uongo kwa sababu ileile ya muda. Injini nzima ya jamii hii husoma karibu bar 26. Ikishuka kuelekea 20 imechoka, na tofauti ya zaidi ya bar 4 kati ya silinda na silinda ni dalili hata kama wastani ni mzuri. Kitabu cha injini husika ndicho chenye kauli ya mwisho. Wapo mafundi wanaomimina oili ndani ya silinda ili kujua kama kosa ni la ringi. Kwenye petroli njia hiyo inafaa. Kwenye dizeli chumba ni kidogo mno, oili hupandisha namba peke yake na inaweza hata kuwaka, hivyo hukuambia unachotaka kusikia. Afadhali kuingiza hewa ya kompresa pistoni ikiwa juu kabisa na vali zimefungwa, huku injini imezuiwa isizunguke, kisha kusikiliza. Sauti ikitoka kwenye njia ya hewa, ni vali ya kuingiza. Kwenye ekzosi, vali ya kutoa. Kwenye tundu la kujazia oili, ringi. Mapovu yakionekana kwenye rejeta, gasketi au hedi.

Malori yenye turbo yana mlango wake. Turbo inaendeshwa na moshi, na mwendo wa chini moshi ni mchache, kwa hiyo kila unachokipoteza kabla haujafika kwenye turbo kinauma. Ufa kwenye manifoldi ya ekzosi au gasketi iliyopulizwa huacha alama nyeusi ya masizi pale kwenye maungio, na kwenye Scania ya zamani alama hiyo si ngeni. Lori likiwa kasini moshi unatosha kuvuja na kuzungusha turbo pia. Likiondoka hautoshi. Hosi za hewa kati ya turbo na injini nazo zipakwe maji ya sabuni zitazamwe. Turbo iliyobadilishwa kwa ya gari jingine lenye injini kubwa zaidi huchelewa kuamka, na hapo hakuna kilichoharibika isipokuwa uchaguzi wa yule aliyeinunua.

Pampu za malori haya huwa na kiwambo kinachopokea hewa ya turbo kwa kibomba chembamba. Kazi yake ni kuzuia dizeli isizidi kabla hewa haijaja. Kibomba kikipasuka, kikiziba au kiwambo kikitoboka, pampu hudhani turbo haijaamka daima, na lori huwa safi bila moshi na zito kuanzia katikati ya mwendo na kuendelea. Dawa ya kienyeji ni kuifungua skrubu ya pampu ili dizeli imwagike hata bila hewa. Lori linapata nguvu ya siku chache, moshi unafunika barabara, joto la ekzosi linapanda, na pistoni zinaanza kuyeyuka vichwani. Ninaipinga dawa hii kwa nguvu zote, kwa sababu inamtoza mwenye lori mara mbili na wanaoishi kando ya barabara wanailipa kwa mapafu yao.

Taimingi niitaje kwa ufupi. Haiharibiki yenyewe mara nyingi kwenye injini ambazo pampu yake huendeshwa kwa gia. Huharibiwa pampu inaporudishwa vibaya, au funguo ya shafti inapolika. Ikichelewa, lori ni zito na lina moshi mweupe. Ikiwahi, injini inagonga kwa ukali. Kama tatizo lilianza siku pampu iliporudishwa, anza hapa. Itazamwe pia gavana, kidhibiti cha mwendo wa injini. Zile zilizotumia mvuto wa hewa, kwenye Canter za zamani zaidi, zina kiwambo cha ngozi au mpira ambacho kikikauka injini hupanda na kushuka bila mpango. Kukibadilisha ni kazi ya saa moja.

Ikiwa yote hayo yamepimwa na yako sawa, sasa pampu ishuke, na hapo mwenye lori asidai tu irudi imetengenezwa, adai karatasi. Pampu hupimwa kwenye mashine kwa kuhesabu dizeli inayotoka kila mdomo kwa mipigo 1,000, katika kasi mbalimbali. Gereji nyingi hupima kasi ya juu kwa mzigo kamili na kuishia hapo, kwa sababu huko ndiko wateja wengi wanakolalamikia. Lori letu haliumwi huko. Dai namba za mwendo wa chini, kila mdomo peke yake, kabla na baada ya kazi. Plunja moja iliyolika ikiwa kati ya tano nzima itaonekana wazi kwenye safu ya chini na kujificha kwenye safu ya juu. Mwambie pia mpimaji lori linafanya kazi wapi, pwani au Njombe, kwa kuwa kiwango cha dizeli kinachofaa si kimoja.

Inabaki hali moja ngumu: mgandamizo umeshuka silinda zote kwa usawa, na pampu nayo imelika kwa usawa. Hilo ni lori lililozeeka kwa heshima, na mwenye nalo hushawishika kuanza na kile kilicho nafuu kati ya viwili. Nashauri injini itangulie. Pampu mpya kwenye injini inayovuja humimina dizeli ambayo haitawaka vizuri, ikasafisha oili kutoka kuta za silinda na kuharakisha kulika kulekule. Injini iliyofunguliwa na kufungwa vizuri, ikiwa na pampu ya zamani, itaondoka kwa uzito kidogo lakini itachoma kile kinachopewa, na inaweza kufanya kazi ya miezi kadhaa mpaka fedha ya pampu ipatikane. Vali zipimwe tena baada ya kilomita 1,000 za mwanzo, dereva asiilazimishe gia kubwa mlimani katika kipindi hicho, na karatasi ya namba za mgandamizo ihifadhiwe ndani ya kebini pamoja na kadi ya gari, ili fundi atakayefuata awe na cha kulinganishia.